Kumkochi mtu bila kumpa mawaidha: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Naulizwa maswali yale yale kila mwezi. Kijana amepewa wasaidizi watatu kazini na hajui awakuze vipi. Mama ameombwa na wenzake wa chama awashike mkono wanachama wapya wanaoanza biashara. Maalimu wa madrasa anataka kuwasaidia wanafunzi wake wa zamani wanaotafuta kazi. Wote wanataka kujua ukocha ni nini hasa, wanaanzaje, na wafanye nini mtu akiwanyamazia. Nimeyaweka majibu mahali pamoja ili uweze kushika daftari na kuanza wiki hii.

Kazi yangu ya mchana ni kusimamia vijana wa mapokezi na wa vyumba katika hoteli iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Jioni hukaa na watu wenye biashara ndogondogo. Haya ninayoandika nimeyafanya, na mengine nimeyakosea kwanza ndipo nikayajua.

Lishike hili kabla ya yote: kocha hatoi mawaidha, huuliza maswali mpaka mtu alipate jibu lake mwenyewe. Huku kwetu ni jambo gumu. Tumelelewa kwa nasaha, za barazani, za msikitini, za somo, za shangazi. Mtu akikuletea shida, adabu ni kumjibu, na ukimrudishia swali anaweza kuhisi unamkwepa. Nasaha zina mahali pake na mimi mwenyewe zimenilea. Lakini nimeona mara nyingi mtu akipokea jibu zuri, akashukuru, akaondoka, na wiki ya pili akarudi na shida ile ile. Jibu alilolitoa kinywani mwake hulifanyia kazi, maana anajua litakwamia wapi nyumbani kwake au ofisini kwake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwalimu wa tenisi wa Marekani, Timothy Gallwey, aliliona hili uwanjani na kuliandika mwaka 1974. Alipoacha kuwaelekeza wanafunzi mkono ukae vipi, akawaambia tu watamke kwa sauti mpira unapodunda na unapopigwa, mapigo yao yalianza kutengenea. Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, akalipeleka wazo hilo maofisini na kueneza mpango wa sehemu nne: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, na atakalofanya mtu. Nadharia itoshe hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mtu mmoja anayetaka mwenyewe. Aliyetumwa na bosi wake bado si wako mpaka yeye aseme ndiyo. Usianze na mume, mke au ndugu wa tumbo moja. Mna mambo mengi ya nyuma.
- Mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika. Baraza halifai, kila apitaye atatoa salamu na atataka kujua mnazungumza nini. Viti vya bustani ya Mama Ngina vinafaa kabla watu hawajajaa jioni. Ofisi nayo inafaa. Mkiwa mwanamume na mwanamke, mlango ubaki wazi na watu wa karibu wajue mko wapi, ili heshima ya kila mmoja ilindwe.
- Dakika 45 hadi 60 zisizokatizwa. Pangeni baada ya sala ya alasiri kuliko kusubiri adhana iwakate katikati. Anayevuka feri kwenda Likoni usimwekee saa 11 jioni halafu umlaumu kwa kutazama saa. Mwezi wa Ramadhani, kaeni asubuhi au baada ya tarawehe.
- Daftari dogo na kalamu. Simu iwe kimya na iwe mfukoni.

Wengine huuliza kuhusu cheti. Kumkochi mfanyakazi wako au mwenzako wa chama hakuhitaji cheti. Ukitaka kuifanya kazi ya kulipwa, litazame Shirikisho la Kimataifa la Makocha, lililoanzishwa mwaka 1995. Cheti chake cha ngazi ya kwanza kinataka angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukochi watu. Saa hizo 100 ndizo zitakazokufunza.

Hatua ya 1: Patana naye kwanza

Mweleze mambo matatu. Kwanza, utauliza zaidi kuliko utakavyosema, na asidhani unamchunguza. Pili, atakayosema yanabaki kwako, isipokuwa kukiwa na hatari kwa maisha yake au ya mwingine. Tatu, mtakutana mara ngapi. Kwa anayeanza napendekeza vikao vinne, kimoja kila wiki mbili. Kama wewe ndiye msimamizi wake, mwambie tangu mwanzo mambo gani utalazimika kuyapeleka mbele, kama vile wizi au kuumizwa kwa mteja. Asije akayajua baada ya kusema.

Tahadhari: Mombasa watu wanajuana. Anayefanya kazi Changamwe ana binamu Kisauni aliyeoa kwa jirani yako. Hata ukilificha jina, kisa chenyewe kitamtambulisha. Usikipeleke nyumbani kwako.

Hatua ya 2: Salamu zifike mwisho

Usikate salamu ili uokoe dakika tano. Uliza za nyumbani, za watoto, za mgonjwa uliyesikia anaumwa, na usikilize majibu. Mtu akianza kuegemea kiti, ingia hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Lengo liwe la kuonekana kwa macho

Hapa ndipo wanaoanza hupita haraka mno. Mtu husema "nataka maendeleo" au "nataka nijiamini," na kocha mgeni huandika na kuendelea. Huwezi kumsaidia mtu kufika mahali ambapo yeye mwenyewe hajapaona.

Nilikaa na kijana karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mazungumzo yalikwenda hivi:

"Ungependa tuinuke hapa leo tukiwa tumepata nini?"

"Nataka nipandishwe cheo."

"Cheo kikija, siku yako ya kazi itabadilika vipi?"

"Nitaandaa hati za forodha mwenyewe, bila mkuu wangu kuzipitia."

"Katika hayo, lipi liko mikononi mwako?"

Alikaa kidogo. "Cheo kiko kwake. Kuandaa hati bila makosa kuko kwangu."

Lengo likageuka pale pale. Likawa: kabla ya mwisho wa Septemba, wiki mbili mfululizo zipite bila hati yake hata moja kurudishwa. Lipime lengo kwa maswali matatu: lina tarehe? Liko mikononi mwake? Mtu wa tatu akitazama atajua limetimia? Likishindwa hata moja, baki hapo hapo muendelee kulichonga. Kikao cha kwanza chote kinaweza kuishia kwenye lengo, na si hasara.

Tahadhari: chunga usilitamani lengo kuliko yeye. Ukijiona unasisitiza, huenda umemwekea lako.

Hatua ya 4: Uliza hali ilivyo, kwa hesabu

Maoni yake kuhusu hali hayatoshi. Tafuta idadi, siku, saa, nani alikuwepo. Nilimwuliza yule kijana hati ngapi zilirudishwa wiki iliyopita. Tatu. Makosa gani? Mbili zilikuwa na namba za bidhaa zilizokosewa, moja uzito. Uliziandaa saa ngapi? Hapo alinyamaza, kisha akasema polepole, "Zote tatu baada ya saa 9 alasiri, watu wakiwa wamejaa dirishani." Sikumwambia lolote. Aliona mwenyewe kwamba tatizo lake lilikuwa na saa yake, na kwamba uwezo wa kuandaa hati anao.

Namna unavyouliza ina uzito mkubwa katika Kiswahili chetu. Yachunge maneno haya:

"Mbona" hubeba lawama. "Mbona hukumwambia?" mtu husikia kesi, na ataanza kujitetea. Sema, "Ilikuwaje ulipotaka kumwambia?"

"Kwa nini" ni nafuu kidogo, lakini likirudiwa mara tatu huwa kama mahojiano ya polisi. Jaribu "nini kilikuzuia?" au "nini kilichangia?"

"Si ungemwambia tu?" hilo ni agizo lililovaa nguo za swali. Kadhalika "huoni kwamba…?" na "hujafikiria ku…?" Ukitaka kujua kama swali lako ni la kweli, jiulize kama tayari una jibu unalolingojea. Kama unalo, liache.

Maswali yanayoanza na "je, una" au "je, ume" hujibiwa ndiyo au la, kisha mazungumzo hukauka. Yanayofungua ni yale ya nini, vipi, lini, nani, na "nieleze zaidi kuhusu hilo."

Kila baada ya dakika kumi hivi, mrudishie alichosema kwa maneno yake mwenyewe: "Nikikusikia sawasawa, asubuhi hati zinatoka safi, alasiri ndipo zinapokorogeka. Ni hivyo?" Usimpambie. Akisema "kichwa kinajaa," nawe sema kichwa kinajaa. Usilibadilishe likawa msongo wa mawazo.

Hatua ya 5: Nyamaza

Ukishauliza, funga mdomo. Hesabu kimoyomoyo mpaka 10. Mara ya kwanza utahisi kama saa nzima, na ulimi utakuwasha kuongeza mfano au kulainisha swali. Vumilia. Mtu anayetazama chini au anayetazama bahari anafanya kazi, na kazi hiyo ukiikatiza hairudi ilipokuwa. Akizungumza, "ehe" na "naam" zinatosha kumwonyesha uko naye.

Kijana akiinamisha macho mbele yako, huo mara nyingi ni uungwana aliofunzwa nyumbani. Usiuchukue kuwa anaficha kitu.

Miaka yangu ya kwanza niliwapoteza watu hapa. Nilikuwa nauliza swali, nalijibu, kisha nauliza kama wanakubaliana nami. Walikubali wote, na hakuna aliyebadilika.

Hatua ya 6: Mpe nafasi ya kutafuta njia nyingi

Lengo liko wazi na hali iko wazi. Sasa uliza, "Ungeweza kufanya nini?" Akitoa moja, andika, kisha uliza, "Na nini kingine?" Endelea mpaka zifike tano. Mbili za kwanza huwa ni zile alizokwisha kuambiwa na watu. Ya tatu ni ngumu. Ya nne na ya tano ndizo huwa zake. Yule karani ya nne yake ilikuwa kuomba kubadilishana zamu ya dirishani na mwenzake anayependa kuongea na wateja. Mimi nisingeipata, sikujua hata kama mwenzake huyo yupo.

Usizikosoe njia zinapotoka. Ziache hata zile zinazoonekana za kipuuzi, zitachujwa mwisho.

Na kama unajua jambo ambalo yeye hana namna ya kulijua, kama vile utaratibu wa ofisi au sheria? Omba ruhusa: "Nina wazo moja, ungependa kulisikia?" Akikubali, litoe kwa sentensi mbili, liandike mwisho wa orodha pamoja na yake, umwachie achague. Wazo moja kwa kikao.

Hatua ya 7: Atafanya nini, siku gani

Achague njia moja, mbili zikizidi. Hapa ndipo utasikia "inshallah nitajaribu." Ipokee kwa heshima, maana ni kauli ya imani na si yako kuipima. Kisha uliza sehemu iliyo ya mja: siku gani? Saa ngapi? Nani atajua kuwa umefanya?

Halafu msaidie apange kwa "ikitokea hivi, nitafanya hivi." Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer amelitafiti jambo hili kwa miaka mingi, na imeonekana kuwa watu wanaofunga nia yao na tukio maalumu hutimiza zaidi kuliko wanaoishia kwenye nia tupu. Ya karani wetu ilikuwa: "Ikifika saa 9 na hati haijaisha, naiweka kwenye faili ya kesho, naimaliza asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa."

Mwisho muulize: "Kati ya 1 na 10, una uhakika kiasi gani kwamba utalifanya?" Akisema 7 au zaidi, sawa. Akisema 5, usimtie moyo. Uliza, "Tulipunguze vipi jambo hili ili uhakika wako ufike 8?" Huenda wiki nzima ikawa siku mbili. Jambo dogo lililofanyika litamleta kikao cha pili akiwa na nguvu.

Hatua ya 8: Afunge yeye

Usifanye muhtasari. Mwambie, "Kabla hatujainuka, niambie unaondoka na nini." Andika maneno yake, tarehe na saa. Pangeni siku ya kukutana tena kabla hamjaagana.

Hatua ya 9: Kikao kinachofuata kianzie kwenye ahadi

Baada ya salamu, swali la kwanza ni "Ilikwendaje?" Amefanya: uliza nini kilisaidia, ili ajue nguvu yake iko wapi. Hajafanya: uliza amejifunza nini kuhusu jambo hilo, kwa sauti ile ile. Kisha rudini hatua ya 3 mtazame kama lengo bado ni lile.

Ukikaa na aliyekuzidi umri

Swali hili huletwa zaidi na vijana waliopewa vyeo mapema. Unamuulizaje maswali mtu wa umri wa mama yako?

Nilikaa na mama mmoja anayekaanga viazi karai jioni huko Majengo. Alitaka kufungua meza ya pili na kumweka binti yake. Dakika ya tano akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Niambie nifanye nini." Kukataa moja kwa moja kungekuwa utovu wa adabu. Nikamjibu, "Mama, wewe umekaa kwenye karai hiyo miaka mingi, mimi sijakaa hata siku moja. Naomba unifunze kwanza: siku ikiwa nzuri, inakuwaje?" Akaanza kueleza. Magunia, mafuta, ukwaju, wateja wa baada ya magharibi. Katikati ya maelezo yake mwenyewe akasimama: "Kumbe shida si meza. Nikiondoka mimi, binti hawezi kusema hapana kwa wanaokopa." Tukaanzia hapo.

Kwa mkubwa, basi, uliza ukiwa mwanafunzi. "Naomba kuuliza," "nisaidie nielewe," "nikikukosea nisahihishe." Mwite anavyoitwa na watu wake: mama, mzee, maalimu, Bi fulani. Usimpime kwa 1 mpaka 10, wengi huona ni mambo ya shule, sema, "Moyo wako umetulia na hili, au kuna kinachokwaruza?" Na usimwambie kuwa unamkochi kama neno hilo litamkera. Mazungumzo yafanye kazi yake bila jina.

Mambo yakikwama

Kila swali anajibu "sijui." Mara nyingi anaogopa kukosea. Uliza, "Rafiki yako angekuwa na shida hii, ungemwambia nini?" Ikishindikana, inukeni mtembee. Watu wengi husema wakitembea yale wasiyoyasema wakiwa wametazamana.

Analalamika juu ya bosi kikao kizima. Mpe dakika kumi za kutoa moyoni, bila kumkatiza na bila kumuunga mkono dhidi ya asiyekuwepo. Kisha: "Haya yote ni mazito. Katika hayo, lipi liko mikononi mwako wiki hii?"

Hafanyi alichoahidi, mara ya kwanza, ya pili. Mara ya kwanza lipunguzeni jambo. Mara ya pili muulize kwa upole kama lengo ni lake au ni la mtu mwingine. Mara ya tatu simamisheni vikao, mwambie mlango uko wazi akitaka kurudi. Nimeona waliorudi baada ya mwaka wakiwa tayari.

Bosi wake anakuuliza anasema nini. Jibu lako ni moja: "Muulize yeye mwenyewe, atakueleza." Ndiyo sababu hatua ya 1 haikwepeki.

Analia. Usimpapasie maneno. Mpe maji, subiri, kisha uliza kama angependa kuendelea, kupumzika au kuahirisha. Achague yeye.

Jambo limezidi ukocha. Mtu hapati usingizi kwa wiki kadhaa, anataja kujidhuru, anapigwa nyumbani, au dawa za kulevya zimemkamata. Hapo maswali ya lengo na njia yaweke kando kabisa. Mwambie wazi kwamba unamjali na kwamba hili linahitaji mwenye ujuzi wake. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure, 1199, inayotoa msaada wa kisaikolojia. Kwa anayedhulumiwa kijinsia kuna 1195, na kwa mtoto ni 116. Hospitali Kuu ya Pwani iko hapa hapa mjini. Usimpe namba kwenye karatasi ukamwacha aende nayo. Pigeni simu pamoja mkiwa bado mmekaa, na kama ni hospitali, mshike mkono mpande tuktuk moja. Asubuhi yake, mtumie ujumbe wa salamu.